Kila Kazi na Chumba Chake

Nyumbani kwetu Tabata kuna kompyuta moja isiyo na skrini wala kibodi, na haizimwi usiku. Upana wake ni kama sentimita 18 na unene hauzidi sentimita 4. Ndani yake, wakati huu ninapoandika, inafanya kazi mifumo endeshi kadhaa kwa pamoja: Windows moja, Debian mbili na FreeBSD moja, na kila mmoja unajiona una kompyuta nzima peke yake. Jamaa wakisikia hivyo huniuliza, ya nini yote hayo? Swali lao ni la haki. Mwanzoni ningejibu kwamba ni udadisi tu. Leo nina jibu jingine. Mtu akishakabidhiwa kazi za wenzake kwenye mashine yake, hesabu za duka, picha za familia, masomo ya mtoto, deni lake la kwanza kwao ni kuhakikisha kwamba kazi moja ikiharibika haiburuzi nyingine. Kuendesha mifumo mingi ndani ya seva moja ndiyo njia niliyoiona kwa macho yangu ikilipa deni hilo.

Nilianza na njia ya zamani. Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi, na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa posta, popote duniani, kwa yeyote aliyeziomba. Zangu zilifika kwenye sanduku la posta la baba, na wiki hiyohiyo kompyuta yangu ikawa na mifumo miwili, Windows XP na hiyo Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kila mmoja kwenye kipande chake cha diski. Ukiwasha, menyu ya GRUB inakupa sekunde chache uchague. Hosteli nzima ilikuwa na tatizo la virusi vya flashi, kwa hiyo kila muhula kuna mtu aliyelazimika kuweka Windows upya, na Windows ya wakati ule haikuuliza: ilikuwa inaandika sehemu yake mwanzoni kabisa mwa diski na kuifuta GRUB. Mwenye kompyuta anakuja mbio akidhani Linux yake imepotea na kazi zake zote. Haijapotea. Tunawasha kwa CD, tunairudisha GRUB, mafaili yote yapo.

Usumbufu huo tuliuzoea. Kasoro isiyotibika ilikuwa nyingine: mifumo miwili ya namna hiyo haiwezi kuwa macho kwa wakati mmoja. Ukiingia Windows kuandika ripoti, Linux imelala, na kama kuna mwenzako anachukua faili kutoka Linux yako kupitia mtandao, amekatika. Kwa kompyuta ya mezani hilo linavumilika. Kwa seva halivumiliki, maana seva huwekwa ili iwepo muda wote, mtu mwingine akiihitaji aikute.

Dawa yake ilikuwa imegunduliwa kabla sijazaliwa. Wahandisi wa IBM kule Cambridge, Massachusetts, walikuwa wameijenga tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 IBM ikaitangaza rasmi kwa jina la VM/370: programu moja inayokaa chini kabisa, juu ya chuma chenyewe, na kuigawa kompyuta moja kubwa kuwa kompyuta pepe nyingi, kila moja na mfumo wake. Kompyuta ndogo tunazozijua zilichelewa sana kufika huko. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili igawike bila udanganyifu. Sharti kuu ni kwamba kila amri nyeti ambayo mfumo wa ndani utajaribu kuitoa lazima inaswe na kupelekwa kwa msimamizi wa chini. Prosesa za familia ya Intel hazikulitimiza. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulizikuta amri 17 za Pentium ambazo hazinaswi. Iko moja iitwayo POPF: programu isiyo na mamlaka ikiitumia kujaribu kuzima ishara za kukatiza kazi, prosesa hainung'uniki wala haitekelezi, inapita kimya. Mfumo wa ndani unaamini umezima, na msimamizi hajui kwamba umejaribu. Ukiifikiria vizuri unaona kwa nini jambo hilo lilikuwa baya kuliko kosa la wazi.

VMware walilizunguka tatizo hilo mwaka 1999 kwa kuzitafsiri amri hizo papo hapo wakati programu ikiendelea. Intel wenyewe walikuja kulitibu ndani ya prosesa mwishoni mwa 2005, AMD wakafuata mwaka 2006. Kisha Februari 2007 kipande cha programu kiitwacho KVM, kilichoandikwa na Avi Kivity, kikaingizwa ndani ya kiini cha Linux toleo 2.6.20. Kuanzia siku hiyo kila aliyekuwa na Linux na prosesa mpya alikuwa na uwezo ule ambao zamani ulihitaji chumba kizima cha mashine za IBM. Mimi huona kwamba tukio hilo halijapewa sifa yake. Limemwezesha mtu wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida, kuwa na vifaa vya kufundishia na kufanyia kazi ambavyo chuo changu hakikuwa navyo.

Nilinunua mashine Kariakoo mwaka 2019, katika zile zilizokwishatumika maofisini Ulaya na kuletwa kwa makontena. Mtu anayekwenda kununua ya kazi hii asikubali kuonyeshwa tu kwamba inawaka. Niliomba monita na kibodi, nikaingia kwenye BIOS kabla ya mfumo wowote kuanza, nikatafuta mstari wa Virtualization. Lazima uwepo, na lazima ukubali kuwashwa, maana kompyuta nyingi hutoka kiwandani umezimwa. Halafu nikatazama aina ya prosesa: Core i5-6500T. Hiyo T ya mwisho ndiyo niliyoifuata. Maana yake prosesa imetengenezwa kwa wati 35, badala ya 65 za ndugu yake asiye na T. Kijana wa duka alinionyesha pia seva halisi, ndefu, ya kulala kwenye kabati la chuma, bei ya kushangaza kwa uzuri wake. Niliiacha kwa sababu ya umeme wa LUKU.

Hesabu yake ni hii. Kompyuta ndogo kama yangu, ikiwa haijabanwa na kazi, hula takriban wati 20. Zidisha kwa saa 24 na siku 30, unapata uniti 14.4 kwa mwezi. Seva ile ndefu ikila wati 150, nayo ni chini ya nyingi zinavyokula, ni uniti 108. Mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi huwekwa kwenye bei nafuu. Seva hiyo peke yake, kabla hujawasha taa wala friji, ingekuwa imeshavuka mpaka. Nawashauri vijana wanaotaka kuanza wafanye hesabu hii kabla ya kutazama idadi ya kori.

Kitu kinachoisha mapema katika mashine ya namna hii ni ram. Kori nne zinaweza kuhudumia mifumo mitano au sita kwa sababu mara nyingi mingi yake inasubiri tu, lakini ram ukishaigawa imegawika. Nilijaza GB 32, ukomo wa mashine yenyewe. Windows inapata 4, Debian mbili zinapata 4 kila moja, FreeBSD 2. Sehemu nyingine ni ya ZFS, mfumo wa kutunza mafaili uliotoka Sun Microsystems, ambao kwenye Linux ulikuwa na tabia ya kujichukulia hadi nusu ya ram yote usipouwekea kikomo. Niliuwekea GB 4. Msimamizi wa chini ni Proxmox, programu huria inayotengenezwa Vienna, Austria, tangu 2008. Ukiifunua utaikuta ni Debian iliyotiwa KVM na ukurasa wa kuisimamia kupitia kivinjari.

Sasa nije kwa dada yangu, kwa sababu ndiye aliyeifanya seva hii iwe kitu cha maana.

Mbele ya nyumba yetu kuna fremu mbili zinazotazama barabara, na katika mojawapo dada ana duka la dawa. Akiba yake yote, bei, wateja wa mkopo na tarehe za dawa kuisha muda, ilikuwa ndani ya programu moja aliyouziwa miaka mingi nyuma na fundi ambaye baadaye hakupatikana tena. Programu inakwenda kwenye Windows 7 tu. Ili ifunguke inataka kijiti cha USB kiwe kimechomekwa. Na ile kompyuta, mwishoni mwa 2019, diski yake ilikuwa imeanza kugonga. Wakati huohuo Microsoft walikuwa wameshatangaza kwamba Windows 7 haitapata tena marekebisho ya usalama baada ya tarehe 14 Januari 2020. Nilipomweleza dada mambo ya mifumo na kompyuta pepe alinisikiliza kwa subira yake yote, kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi asubuhi nataka nijue dawa gani inaisha muda mwezi ujao. Hayo mengine nakuachia wewe."

Sijawahi kupewa maelezo ya kazi yaliyo wazi kuliko hayo.

Kuihamisha Windows iliyo hai kutoka kwenye chuma na kuiweka ndani ya seva ni kazi inayofaa kuonyeshwa hatua kwa hatua, kwa sababu vijana wengi wanaikwepa wakidhani ni uchawi. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo Disk2vhd, ya Sysinternals, ambayo inanakili diski nzima huku Windows yenyewe ikiendelea kufanya kazi. Duka lilifungwa saa mbili usiku, nikaielekeza iandike kwenye diski ya nje, nikakaa kwenye kigoda cha dada kusikiliza ile diski ikigonga na kuomba ifike mwisho. Ilifika. Nakala ile nikaiingiza Proxmox.

Hapo pana mtego. Proxmox inaweza kumpa mgeni wake, yaani kompyuta pepe iliyo ndani yake, diski ya aina iitwayo VirtIO, ambayo ni ya kasi kwa sababu haiigizi kifaa chochote cha kweli. Lakini Windows iliyozaliwa kwenye chuma haina draiva yake. Ukiichomeka moja kwa moja, inaanza kuwaka, haioni diski ambamo yenyewe imo, na inakutupia skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Njia salama ni kuipa kwanza diski ya kuigiza, aina ya SATA ambayo Windows 7 inaifahamu. Ikishawaka na kumaliza kutambua vifaa vyake vipya, unamwongezea mgeni diski nyingine ndogo, tupu, ya VirtIO, ya GB 1 tu. Windows inaiona, inadai draiva, unaipa. Baada ya hapo unazima, unaibadilisha diski kuu kuwa VirtIO, ile ndogo unaitupa, na ukiwasha tena kila kitu kipo mahali pake. Ile diski tupu haihifadhi kitu hata kimoja. Ipo ili kumfundisha mgeni lugha ya nyumba kabla hajaitegemea.

Kijiti cha USB kilikuwa rahisi zaidi. Seva inakisoma kama namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha, ya mtengenezaji na ya bidhaa, na unamwambia Proxmox kwamba chochote chenye namba hizo kikichomekwa, kipelekwe kwa Windows ya dada peke yake. Leseni ya Windows ilikuwa ya kununuliwa sandukuni, haikufungwa kwa kompyuta ile, kwa hiyo niliihamisha kihalali. Dukani tukaweka laptopu ya zamani inayoifungua Windows ile kupitia waya wa mtandao. Asubuhi dada alifungua, akaona skrini yake ileile na picha yake ileile ya ukutani, akaanza kuuza.

Lakini Windows isiyopata marekebisho haifai kuachwa huru kwenye mtandao wa nyumba yenye simu na televisheni na laptopu za wageni. Mei 2017 dunia iliona shambulio la WannaCry, na waathirika wengi walikuwa na hiyohiyo Windows 7, wengi wao wakiwa hawajaweka marekebisho yaliyotolewa Machi mwaka huo. Mei 2019 ikagundulika BlueKeep, tundu lililokuwa ndani ya huduma ileile ya kufungua Windows kwa mbali tunayoitumia sisi. Hapo ndipo FreeBSD inapoingia. Ndani ya Proxmox nilitengeneza mtandao wa pili ambao haukuunganishwa na waya wowote wa nje, nikaiweka Windows humo peke yake, na mlangoni nikaweka OPNsense, ngome iliyojengwa juu ya FreeBSD. Kanuni zake ni fupi kiasi cha kukaririka: laptopu ya duka inaruhusiwa kuingia kwa mlango mmoja, 3389. Wengine wote hapana. Windows yenyewe kutoka kwenda intaneti hapana. Mfumo mzee unaendelea kufanya kazi yake nzuri, na udhaifu wake unaishia ndani ya kuta zake, kama ilivyo nyumba ya kupanga, ambako mpangaji mmoja akifunga mlango, ugomvi wake hauingii chumba cha jirani ingawa wote wanatumia ua mmoja.

Naweka mkazo hapa kwa sababu nasikia mara nyingi watu wakimhukumu mwenye duka kwa kutumia mfumo uliopitwa na wakati. Mwenye duka hakuchagua. Programu yake ilimfunga, na kumwambia tu "boresha" ni kumwacha peke yake. Fundi anayejua kutenga anaweza kumpa muda, na muda ndio anaouhitaji.

Debian ya kwanza inatunza mafaili ya nyumba na haina hadithi. Imekaa, inafanya kazi, inasasishwa. Debian ya pili ni ya binti yangu.

Alipofika kidato cha pili alitaka kujifunza Linux, nami nikampa mashine yake nzima, akiwa na mamlaka yote, bila mtu wa kumwambia usiguse hapa. Kabla ya kila jaribio anapiga picha ya hali ya mashine, jambo la sekunde chache, kwa sababu ZFS hainakili kitu wakati huo. Inaacha tu kuyaandika upya maeneo ya zamani na kuyaweka mapya pembeni. Siku moja alibadilisha ruhusa za mafaili yote kuanzia mzizi wa mfumo, amri moja fupi, na ghafla sudo, amri ya kuazima mamlaka makuu, ikagoma, mlango wa mbali ukagoma, kila kitu kikagoma. Aliniita. Sikumgusia kibodi. Nilimwomba anieleze kwanza nini kimetokea na kwa nini sudo inakataa kufanya kazi faili lake likishapoteza alama yake ya mamlaka. Alipokwisha kuelewa, akairudisha picha ya dakika ishirini nyuma, akaendelea. Wakati huo wote dukani kwa dada dawa ziliuzwa, na dada hakujua kwamba ndani ya kisanduku kilekile kuna mfumo mzima uliokuwa umekufa.

Mimi nilijifunza kompyuta kwa woga, maana kompyuta ilikuwa moja na ya familia, na ukiiharibu umeiharibia nyumba. Mtoto asiyeogopa kuharibu anauliza maswali ambayo mimi nilichelewa kuyauliza. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko ya duka.

Zipo pia kazi ndogondogo ambazo hazihitaji kompyuta pepe kamili. Hizo naziweka kwenye kontena za LXC. Kontena haina kiini chake, inatumia kiini cha mwenyeji, yaani Proxmox, ndiyo maana ni nyepesi sana na ndiyo maana ndani yake huwezi kuweka Windows wala FreeBSD, Linux tu. Katika kontena mojawapo kuna Kiwix, programu inayokuwezesha kuihifadhi Wikipedia nzima nyumbani na kuisoma bila intaneti. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na Uganda kwa siku kadhaa. Nyumbani kwetu ukurasa wa Kiwix ulifunguka upesi kama siku zote. Watoto wa jirani walikaa na binti yangu sebuleni wakimalizia kazi ya Jiografia ya shule. Hazina ile ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuhitajiwa, na niliwahi kufikiria kuifuta ili nipate nafasi kwenye diski.

Nina misimamo miwili ambayo siilegezi. Wa kwanza: mwenyeji asiwekewe chochote zaidi ya kinachomwendesha yeye mwenyewe. Kwa kuwa Proxmox ni Debian ndani, kishawishi cha kuongeza huduma moja tu hapo chini ni kikubwa, na mafunzo mengi yanakuelekeza hivyo. Kataa. Kila kilichoko kwa mwenyeji ni kitu utakachopaswa kukikumbuka siku mashine ikifa. Wa pili: ruta inayoipa nyumba intaneti isiwe mgeni ndani ya seva. Rafiki yangu wa Mwanza aliiweka humo, nayo ilifanya kazi vizuri sana, mpaka usiku mmoja seva ilipogoma kuwaka baada ya kusasishwa. Nyumba nzima ikakosa mtandao, naye akakosa pia mtandao wa kutafutia jibu. OPNsense yangu inalinda chumba cha Windows tu. Ruta ya nyumba ni kisanduku kingine, cha kawaida, na mke wangu anajua kukizima na kukiwasha bila kuniuliza.

Umeme nao una utaratibu wake. UPS imeunganishwa na seva kwa waya wa USB, na programu ya NUT inaisikiliza. Umeme ukikatika tunasubiri dakika tano. Usiporudi, mwenyeji anaanza kuwaaga wageni kwa zamu: mashine ya binti kwanza, halafu mafaili, halafu Windows ambayo hupewa muda mrefu kuliko wote kwa kuwa ni nzito kufunga, na mwisho ngome. Kuwasha ni kinyume chake. Mpangilio huo niliuandika mara moja, unatekelezeka hata nikiwa safarini.

Kisha ikaja siku ambayo diski kuu ilikufa. SSD huwa hazigongi kama zile za zamani. Hii ilikuwepo jioni na asubuhi haipo, BIOS haiioni kabisa. Picha zote za hali zilikuwa juu ya diski hiyohiyo, zikaondoka nayo, kama inavyotarajiwa. Picha ya hali inakulinda na mkono wako. Haikulindi na kifo cha chuma. Kinachokulinda ni nakala rudufu iliyoko mahali pengine, na sisi kila saa nane usiku kila mgeni ananakiliwa mzimamzima kwenye diski ya nje, na nakala za Jumapili hupelekwa kwa kaka yangu kule Kimara. Nilinunua diski, nikaweka Proxmox upya kwa muda mfupi kwa kuwa mwenyeji hakuwa na kitu cha kukumbuka, nikaanza na Windows ya dada. Kabla ya saa sita mchana alikuwa anauza tena kwa programu yake. Mauzo yaliyofanyika baada ya nakala ya mwisho yalikuwa machache ya asubuhi, na yote alikuwa nayo kwenye daftari lake la kaboni, ambalo hajawahi kuliacha tangu afungue duka. Tuliyaingiza pamoja, yeye akisoma, mimi nikiandika.

Urejeshaji ule haukunitisha kwa sababu tulikuwa tumeuzoea. Kila mwisho wa mwezi huichukua nakala ya Windows, naiwasha kwa namba nyingine ya mgeni, waya wake wa mtandao ukiwa umechomolewa ndani ya Proxmox ili isigombane na ndugu yake aliye hai kwa kuwa wana anwani moja. Nakihamishia kile kijiti kwa muda, naifungua programu, natafuta risiti ya mwisho ya siku ile, namsomea dada kwa simu. Akisema ndiyo yenyewe, naifuta.

Mwaka huu dada ameanza kutumia programu mpya ya duka, inayofunguka kwenye kivinjari na kukaa juu ya Debian. Kwa sasa anaingiza kila kitu mara mbili, kule na huku, na jioni analinganisha akiba za pande zote mbili kabla ya kufunga. Hesabu zikilingana kwa robo mwaka nzima, tumekubaliana, Windows itazimwa. Hatutaifuta. Kumbukumbu za biashara zinapaswa kutunzwa miaka 5, na zile za zamani zinasomeka ndani ya programu ile tu, kwa hiyo itabaki imezimwa kwenye diski, nakala moja kwa kaka, na mhasibu akihitaji ankara ya zamani nitaiwasha, atasoma, nitaizima.